Sauti Uliyoomba Nikutumie

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili asubuhi

Kwa Abaayo Bisharo, dada yangu,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute wewe, Abdiwahid na watoto mkiwa na afya, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kiwe kimekuachia upumue. Mvua imewagusa huko Garbatulla, au bado ni mawingu ya kupita tu? Hapa kwetu upepo haujatulia wiki ya pili sasa. Nikifagia alfajiri, saa nne nashika ufagio tena. Hooyo, mama yetu, hajambo. Goti linamsumbua akiinuka kwenye mswala, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Jana amemfukuza mama wa maziwa ya ngamia akidai ameyaongeza maji, na mama wa watu akaondoka analia. Nyama ya nyirinyiri uliyotuma ilifika salama. Wewe ulisema ni ya mwezi mzima, sisi tumeila siku tatu.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu zipo. Simu yenu naiogopa. Abdiwahid akiipokea huweka spika, na boma lote linakaa kusikiliza, hadi wachungaji wananisalimia kwa jina. Jambo nililo nalo si la spika. Nimempa Kuno, yule dereva wa lori la mbuzi, bahasha hii akukabidhi wewe mkononi, na ameapa hataiacha dukani. Ukishaipokea, kaa peke yako uisome. Usimpe yeyote akusomee.

Mara tatu umeniomba nikutumie ile rekodi ya Faiza, ile iliyompatia nafasi katika chuo cha wakunga huko Djibouti. Ulisema unataka wanawake wa Garbatulla wamsikie binti yako akisema Kifaransa. Mara ya kwanza nilikwambia mtandao ni mbaya. Mara ya pili nikasema simu imejaa. Mara ya tatu sikupokea kabisa, nikamwacha Hooyo akwambie niko bafuni. Abaayo, sikuwa bafuni. Nilikuwa nimekaa kitandani naitazama simu inavyolia. Ninajua Abdiwahid amechinja mbuzi kwa furaha na kualika watu. Ninajua shuka na sanduku la safari vimeshanunuliwa. Ndiyo maana mkono wangu ni mzito hivi, na ndiyo maana naomba univumilie nianzie mbali kidogo.

Kifaransa si lugha ngumu kama unataka kununua kitunguu au kuuliza njia. Ugumu wake umekaa kwenye vitenzi, hasa vile virefu vya mambo yaliyopita au ambayo yangetokea na hayakutokea. Ukitaka kusema "wangekuwa wamegundua", unaandika *ils se seraient aperçus*. Kwenye karatasi ni maneno manne, mdomoni ni pumzi moja yenye vipande saba: il-se-se-re-ta-per-su, na hiyo u ya mwisho unaitoa kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepuliza chai. Herufi nyingi hazitamkwi. Halafu ile t iliyokuwa imenyamaza mwishoni mwa neno la tatu inaamka na kuhamia kwa jirani yake. Wasichana wangu wanalichukia jambo hili. Wanauliza kwa nini Mfaransa aandike herufi asiyotaka kuisoma, na mimi baada ya miaka kumi na mmoja ya kufundisha bado sina jibu la maana.

Ila nina njia yangu. Waalimu wenzangu wanaicheka, lakini inafanya kazi. Ni njia ya duksi, ya madrasa yetu ya Kurani. Unakumbuka tulivyokuwa tukikata herufi mbele ya Ma'alim, alif la kordhabay, alif la hoosdhabay, alif la godey, kila irabu na kofi lake la goti? Nililichukua kofi lile la goti nikalipeleka darasani. Msichana anakigawa kitenzi vipande, anapiga kofi kwa kila kipande, na akikosa kofi anajua amemeza kitu. Na kwa waliosoma Kurani, njia ni nyepesi zaidi. Ile herufi inayohamia kwa jirani niliwaambia waifikirie kama n inavyomezwa katika tajwidi, zile kanuni za kuisoma Kurani. Na zile irabu za Kifaransa zinazopita puani, ambazo watu wa Nairobi wanateseka nazo mwaka mzima, mtoto wa duksi anazipata siku moja, kwa sababu tayari anajua ghunna, anajua kushikilia sauti puani. Sikuona ubaya wowote. Ma'alim Abdirahim aliposikia alikunja uso kidogo, kisha akauliza kama na yeye naweza kumfundisha.

Faiza alikuja kukaa kwangu akiwa na miaka minane, kwa hiyo yeye hakuianza njia hii darasani. Aliianzia jikoni kwangu. Nilikuwa nasonga ugali, naye amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa anapiga makofi ya goti na kuimba vitenzi. Alikuwa akiimba *nous nous en serions souvenus*, tungekuwa tumelikumbuka, vipande vinane bila kukosa hata kimoja, mtoto wa darasa la nne. Nilijivuna naye. Nilimwonyesha kwa wageni. Kosa liko hapo, na ni langu. Mtoto alipokea kila kitu nilichompa, na pamoja na vipande akachukua mahadhi. Irabu anaivuta kama anayesoma sura. Ile ya puani anaishikilia hesabu mbili, kwa sababu ndivyo ghunna inavyotaka, na Mfaransa haishikilii hata nusu. Kwa miaka nilisema yataisha yenyewe. Hayakuisha. Kichwa chake kinakijua Kifaransa kuliko cha msichana yeyote niliyemfundisha, anaandika bila kosa, lakini akifungua mdomo anasoma kwa mahadhi, na akijaribu kuyaacha anakwama kabisa, kitenzi kinamkatikia katikati.

Kuna msichana mwingine darasani, na nakuomba ulishike jina lake. Anaitwa Florence, binti wa Etabo, mtu wa Ngaremara, ana kibanda cha maji na soda kando ya barabara kuu. Florence hakukaa duksi hata siku moja, maana wao ni watu wa kanisa. Alichukua makofi akaacha mahadhi, kwa sababu hakuyasikia popote. Kuandika kwake ni kwa kawaida, lakini akisoma unaweza kufumba macho ukadhani uko Djibouti kwa shangazi yetu, eeddo Khadra, redio imewashwa sebuleni. Yeye na Faiza wamekaa dawati moja miaka minne na walikuwa wakigawana viatu vya michezo.

Chuo kilipotangaza nafasi moja kwa wasichana wa kaunti yetu, masharti yalikuwa matokeo ya mtihani na rekodi ya dakika tatu: msichana asome ukurasa waliouandaa wao, uliojaa vitenzi hivyo hivyo. Walisema mkunga lazima aeleweke na daktari wakati hakuna nafasi ya kurudia neno. Mwalimu ndiye wa kurekodi na kutuma. Kwetu walioomba ni wawili tu, Faiza na Florence.

Nilirekodi katika stoo ya shule, tukiwa tumeegemeza magodoro ukutani kuzuia upepo. Florence alitangulia. Katikati ya ukurasa lori lilipita barabarani likipiga honi, naye akasita kidogo, akaendelea hadi mwisho. Aliniomba arudie. Nilimwambia hakuna haja, honi haisikiki. Ilisikika, abaayo. Ilisikika vizuri sana. Sijui kama wakati huo nilikuwa nimeshaamua, lakini nilimwambia hivyo.

Kisha Faiza akasoma. Alisoma ukurasa wote bila kukosa kipande hata kimoja, na wote aliusoma kwa mahadhi. Alipomaliza alinitazama akaniuliza kama ilikuwa nzuri. Nikasema nzuri sana.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nikipakwepa tangu mstari wa kwanza.

Ijumaa ile, wakati wa sala ya Jumaa, maduka yamefungwa na mji umenyamaza kama nyumba ya mgonjwa, nilirudi stoo peke yangu na simu. Nilikaa kati ya magodoro nikasoma ukurasa ule mimi mwenyewe. Niliinua sauti kidogo ili iwe ya kitoto. Nilisoma mara nne, nikachagua ya tatu, nikaituma kwa jina la Faiza Abdiwahid. Ya Florence niliituma ilivyo, na honi yake. Wiki tatu baadaye barua ikaja kwamba Faiza amechaguliwa kwa usafi wa matamshi yake. Abaayo Bisharo, waliyemsifu ni mimi. Sauti unayotaka wanawake wa Garbatulla waisikie ni yangu. Ningekutumia ungenitambua kabla ya neno la pili, maana hakuna mtu duniani aliyeisikia sauti yangu kabla yako.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba akifika Djibouti, akizungukwa na watu wanaosema, mahadhi yangemtoka kwa mwezi mmoja, na bado naamini hivyo. Kwamba Florence ana akili, atapata njia nyingine. Lakini chini ya yote hayo palikuwa na wewe. Baba alipofariki ulikuwa darasa la sita, na wewe ndiwe uliyekuwa unashika namba moja, si mimi. Mbuzi walihitaji mtu, Hooyo alihitaji mtu, na mtu huyo ukawa wewe. Mimi nikapelekwa kwa eeddo Khadra nikapewa daftari na lugha. Hujawahi kunitajia jambo hilo hata siku tuliyokosana vibaya. Laiti ungenitajia. Nilitaka mwanao apande ndege ile, na nikaona haya kwamba mtu pekee aliyemzuia ni mwalimu wake.

Faiza hakujua lolote. Uliponisumbua kuhusu rekodi na yeye akanisumbua, nikamwambia imefutika. Kumbe akamwandikia eeddo Khadra, na eeddo, kwa furaha yake, akaenda hadi chuoni akaomba nakala na kumtumia. Alhamisi alasiri nilikuwa naanua nguo, naye alikuwa anaosha vyombo uani, simu ameiegemeza kwenye karai. Nikajisikia nikisoma. Nilisimama pale na shuka mkononi. Hakuizima. Alisikiliza dakika zote tatu, mikono ndani ya povu, kisha akaendelea kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Baadaye aliniuliza kama yeye alikuwa mbaya kiasi hicho. Nikasema hapana. Akauliza kama ni hapana, kwa nini sikumwacha akataliwe kwa sauti yake mwenyewe. Hakulia mbele yangu. Aliingia kwa Hooyo akalala huko, na kwa siku nzima aliniita "mwalimu", hakuniita habaryar, mama mdogo.

Jana asubuhi alivaa viatu akaniambia tunakwenda Ngaremara. Hakuniuliza kama nataka. Etabo tulimkuta anapanga chupa za maji, akafurahi sana kumwona mwalimu wa mwanawe, akatutafutia viti na kutufungulia soda. Nilimweleza nikiwa nimeshika soda yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba nirudie polepole maana Kiswahili changu ni kirefu, nikarudia, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwani hii nafasi walipea wewe ama walipea mtoto?" Hakuwa na kejeli, alitaka kujua kweli. Nikamwambia walinipa mimi. Akasema, "Na wewe ulikuwa unaenda wapi?"

Florence alikuwa amesimama mlangoni na amesikia. Nilidhani atanitukana, na ningeyapokea matusi yake. Alimtazama Faiza, kisha akaniuliza jambo moja tu, kama sasa anaweza kurudia bila honi. Tulimrekodi hapo hapo ndani ya nyumba yao, Faiza ameshika simu, Etabo amesimama nje akizuia watoto na mbuzi wasipige kelele.

Jioni tuliandika barua kwa chuo, mimi na Faiza, kwenye meza moja. Nimewaeleza yote kwa jina langu na namba yangu ya ualimu. Nimewaambia Faiza hakujua, na kwamba nafasi ile hakuipata kwa haki na hataichukua. Tumeambatanisha rekodi mpya ya Florence. Kisha Faiza akaniambia niambatanishe na yake, ile ya stoo, ya kwanza. Nilimwuliza ya nini sasa. Akasema aliisoma ili watu wale waisikie, basi waisikie. Sijui watajibu nini. Huenda wakampa Florence, huenda wakalifuta jina la shule yetu wasitake kutusikia tena. Kesho nitaingia kwa mwalimu mkuu, na sidhani nitatoka mle nikiwa bado na darasa.

Aibu ya kuwaambia majirani waliokula yule mbuzi ni yenu, na mimi ndiye niliyewaletea. Mwambie Abdiwahid anikasirikie mimi. Akitaka kuja hapa Isiolo kunikemea mbele ya watu, milango iko wazi, na nitamtengenezea chai. Wewe sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nitakuja huko mwenyewe shule zikifungwa, niwe na kazi au nisiwe nayo, uniambie usoni lile ambalo hujaniambia miaka hii yote.

Ndani ya bahasha, kwenye kikaratasi nilichokunja, kuna memori kadi ndogo. Usimwache mtoto aichezee. Kuno atakuonyesha pa kuiweka. Humo kuna sauti moja tu, ya Faiza, ile niliyoificha. Usiku wa kuamkia leo Hooyo aliisikia tulipokuwa tukiihamisha. Haelewi hata neno moja la Kifaransa, lakini aliacha tasbihi akauliza, "Hii si ni Bisharo?" Nikamwambia ni Faiza. Akasema hapana, huyu ni Bisharo akiwa nyuma ya mbuzi.

Abaayo, nilirudia kuisikiliza. Miaka yote nilifikiri mahadhi yale ni ya duksi, na kwamba ni mimi niliyempa. Ma'alim hakuwa akivuta hivyo. Mimi sivuti hivyo. Ni wewe uliyekuwa ukiniimbia herufi kabla sijatia mguu duksi, wewe mbele na mimi nyuma nikiitikia, na ni wewe uliyemwimbia Faiza miaka minane kabla hujanipa. Nilitaka kukulipa, na kitu nilichokifuta kwenye rekodi ile ni wewe.

Salamu zangu zimfikie Abdiwahid kama atazipokea, na watoto wote, na mama mkwe wako mwambie dawa yake ya macho nimeipata, iko kwenye mfuko mdogo niliompa Kuno pamoja na bahasha hii. Hooyo anakusalimu na anakumbusha samli. Faiza anakusalimu, asubuhi hii aliniita habaryar tena, mara moja, alipokuwa akiniomba chumvi. Atakuja huko kabla ya Ramadhani.

Ukimaliza kusoma, iweke ile kadi kwenye simu ya Abdiwahid, halafu uweke spika.

Ni mimi mdogo wako,
Sahro Kulmiye